Kuondoa hewa ukaa ukiwa Dar es Salaam: bayocha, mikoko, unga wa mawe, mashine au miamba ya Songo Songo?

Mwenye fedha za mradi wa kaboni Dar es Salaam, awe halmashauri, kikundi cha kata au mwekezaji, huwekewa mezani njia tano: kuchoma taka za mimea ziwe bayocha (mkaa wa kutiwa udongoni), kurudisha mikoko, kutandaza unga wa mawe mashambani, kufunga mashine za kunyonya hewa ukaa kutoka hewani, na kuisukuma gesi hiyo chini ya ardhi kwenye miamba yenye gesi asilia, kama ile ya Songo Songo, Kilwa. Maandiko ya miradi huzipanga kana kwamba zote zinauza bidhaa moja kwa bei tofauti. Haziuzi bidhaa moja. Tani iliyofungwa kwenye mti wa mkoko inaweza kukatwa boriti mwaka kesho. Tani iliyogeuka jiwe ardhini haina wa kuikata.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Kwa Dar ya leo, fedha ya kwanza iende kwenye bayocha ya taka ambazo ziko mjini tayari. Ya pili iende kwenye mikoko, pale tu maji yanapoweza kurudi. Songo Songo ifanyiwe uchunguzi wa miamba na visima sasa, ila asiuziwe mtu cheti cha kaboni (hati kwamba tani moja ya hewa ukaa imeondolewa) hata kimoja. Unga wa mawe na mashine viachiwe mikoa na nchi zenye miamba na nishati ya kuvibeba. Sababu ziko kwenye mambo yanayoonekana madogo: umbali wa lori, unyevu wa makumbi, umeme unatoka wapi, na nani ameshika panga.

Kuzuia na kuondoa ni kazi mbili

Kiwanda cha saruji cha Wazo kikikamata moshi wake, kitakuwa kimezuia, hakijaondoa. Mawe ya chokaa yakichomwa kuwa klinka, vipande vinavyosagwa kuwa saruji, kila tani ya klinka hutoa zaidi ya nusu tani ya hewa ukaa kutoka kwenye jiwe lenyewe, mbali na ile ya kuni au gesi ya tanuru. Kuikamata ni kazi njema, na kwa saruji hakuna njia nyingi nyingine. Lakini kiasi kilichokwisha kuwa angani kinabaki palepale. Kuondoa ni pale kaboni iliyokuwa hewani inapovutwa na mmea, jiwe au mashine, kisha ikazuiwa isirudi. Mnunuzi wa vyeti atakuuliza hili swali la kwanza, na jibu la kubabaisha linafunga mazungumzo.

Hesabu zote hapa chini zinatumia kanuni moja: kilo 12 za kaboni zikiungana na oksijeni zinakuwa kilo 44 za hewa ukaa, kwa hiyo uzito wa kaboni unazidishwa kwa 3.67.

| Njia | Kaboni inakaa muda gani | Bei ya tani sokoni, dola (takriban) | Umbali kutoka Dar | Kinachoiangusha |
|---|---|---|---|---|
| Bayocha | Mamia ya miaka, ikiwa udongoni | 100–200 | Ndani ya jiji | Unyevu. Kuuzwa kama mkaa wa jikoni |
| Mikoko | Msitu unapodumu | 15–35 | Jijini hadi Delta ya Rufiji | Kina cha maji, mchanga, ukataji |
| Unga wa mawe | Maelfu ya miaka | 200–400 | Zaidi ya kilomita 500 | Usafiri, upimaji |
| Mashine | Hutegemea inakohifadhiwa | 500 na zaidi | Popote penye umeme safi | Umeme |
| Miamba ya gesi | Maelfu ya miaka, kifuniko kikishika | Hakuna cha kuuza bado | Takriban kilomita 230 kwa bomba | Visima vya zamani, sheria, mtaji |

Bayocha: makumbi, vifuu na maranda

Faida ya Dar ni kwamba malighafi imeshaletwa mjini kwa gharama ya mtu mwingine. Makumbi ya madafu yanarundikana pembeni mwa kila mkokoteni, vifuu viko masokoni, maranda na vumbi la mbao viko kwa mafundi samani wa Keko, pumba ziko kwenye mashine za kukoboa. Sehemu kubwa huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako mmea uliofukiwa bila hewa huoza na kutoa methani, au huchomwa palepale ulipo na kaboni yote ikaondoka na moshi.

Bayocha ni mmea uliochomwa kwa oksijeni haba, kwenye nyuzi 400 hadi 700 za Selsiasi, mpaka gesi zikatoka na kubaki kaboni ngumu ambayo vijidudu vya udongo huchukua karne kuimaliza. Tani 4 za vifuu vikavu hutoa takriban tani 1 ya bayocha kwenye tanuru zuri. Kama asilimia 75 yake ni kaboni, hizo ni kilo 750, mara 3.67 ni tani 2.75 za hewa ukaa kabla ya makato. Makato ni yale yatakayooza ndani ya miaka 100, methani iliyotoroka tanuruni, na mafuta ya usafiri. Ukibaki na tani 2 umefanya kazi safi.

Kwa kikundi kinachoanza, tanuru la koni linatosha. Bati la chuma la milimita 2 au 3 hukunjwa kuwa koni yenye mdomo wa mita 1.5 na kina cha sentimita 90. Ujazo wake ni nusu mita ya ujazo hivi. Moto huwashwa chini kwa vijiti vikavu, kisha malighafi huongezwa tabaka kwa tabaka. Mwali wa juu ndio unaokula oksijeni na kuunguza gesi zinazopanda, kwa hiyo tabaka la chini linaiva bila kugeuka majivu. Dalili ya kuongeza tabaka jipya ni majivu meupe kuanza kuonekana juu ya makaa. Ukichelewa, kaboni inaliwa na moto. Ukiwahi, unaubana mwali, moshi unapanda, na moshi ukipanda methani inatoroka pamoja nao. Baada ya saa 3 au 4 koni imejaa. Izime kwa maji, andaa lita 400 na ziada. Kuacha izime yenyewe ni kurudi asubuhi ukute majivu.

Mchomo mmoja wa namna hii hutoa kilo 100 hadi 130 za bayocha kavu, sawa na kilo 275 hadi 360 za hewa ukaa kabla ya makato. Kwa siku 250 za kazi, tanuru moja linatoa tani 70 hadi 90 kwa mwaka. Baada ya makato zibaki 50 au 60. Kwa dola 120 kwa tani hiyo ni dola 6,000 hadi 7,200. Gharama ya mkaguzi wa nje, vipimo vya maabara na usajili inaweza kuimeza yote. Tanuru moja, basi, ni mradi wa mbolea na usafi wa mtaa. Biashara ya kaboni inaanza kuonekana matanuru 20 au 30 yakiwekwa chini ya usajili mmoja, daftari moja na mtu mmoja wa kusimamia vipimo.

Sasa yanayoharibika.

Unyevu ndio wa kwanza. Kumbi bichi la dafu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Malighafi ikizidi asilimia 20 ya unyevu, moto wote unatumika kukausha, joto halifiki, na moshi mweupe mzito unafunika mtaa mzima. Makumbi yapasuliwe vipande vinne, yaanikwe juu ya chaga si chini kwenye mchanga, na yafikie asilimia 15. Kipima unyevu cha mbao chenye pini mbili kinatosha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hayakauki nje Dar hata yakianikwa mwezi; bila banda lenye paa la kupitisha mwanga na pande wazi, uzalishaji unasimama robo ya mwaka. Weka akiba kubwa Januari na Februari.

La pili ni mbao za dawa. Mbao nyingi za kupaulia zinazouzwa Dar, zile zenye rangi ya kijani, zimetiwa dawa ambayo aghalabu ina shaba, kromu na aseniki. Vumbi lake likiingia tanuruni, metali hizo hubaki kwenye bayocha na kuishia kwenye mchicha. Fundi akichanganya vumbi la mninga na la mbao za dawa kwenye kiroba kimoja, kiroba kizima kikataliwe. Hapa hakuna kupunguza kidogo kidogo. Mnunue maranda kwa fundi ambaye yuko tayari kuweka viroba viwili tofauti, na mumlipe zaidi kwa usumbufu huo.

Maganda ya korosho yaachwe kwa wenye tanuru lililofungwa: mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho na koo. Pumba za mpunga nazo ni laini mno kwa koni, zinaziba mwali, na kiasi kikubwa cha bayocha yake ni silika (madini kama ya mchanga) badala ya kaboni. Zinafaa kwa udongo. Kwa vyeti, mavuno yake ni madogo.

La tatu ni mzani. Bayocha iliyozimwa kwa maji hubeba maji mengi, mara nyingine karibu nusu ya uzito wake. Anayepima kiroba kikiwa kimelowa anauza maji kwa bei ya kaboni, na mkaguzi wa kwanza atalijua hilo. Chukua sampuli kwa kila mchomo, ikaushe kwenye nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, ndipo uandike. Maabara nayo itapima uwiano wa atomu za hidrojeni kwa kaboni: usizidi 0.7, na ukiwa chini ya 0.4 kaboni inahesabiwa kuwa imara zaidi. Uwanjani, bayocha inayoacha mafuta vidoleni au kunuka moshi haijaiva.

La nne ndilo zito kuliko yote kwa mji huu. Dar ni soko kubwa la mkaa. Bayocha ya vifuu inawaka vizuri, na mama lishe akiiona atainunua kwa furaha. Siku ikiingia kwenye jiko, kaboni imerudi angani jioni hiyohiyo, na cheti kilichouzwa juu yake ni uongo. Ahadi kwenye karatasi haizuii hili. Kinachozuia ni kuiharibu kama nishati kabla haijatoka getini: iponde ipite kwenye chekeche la milimita 10, ichanganye nusu kwa nusu na mboji au samadi ikiwa bado na maji, iache wiki mbili. Mchanganyiko huo hauwaki, na hapohapo umeshakuwa mbolea.

Kuichanganya kuna sababu ya pili. Bayocha tupu hushika naitrojeni ya udongo, na mazao ya wiki za kwanza yanakuwa ya njano. Mkulima akiona hivyo mara moja, hanunui tena. Kwenye mchanga wa Kigamboni, Kisarawe na Mkuranga, tani 5 hadi 10 kwa hekta zinasaidia udongo kushika maji na kupunguza uchachu. Bayocha ya makumbi ina potasiamu na klorini nyingi, hivyo kwenye bustani zinazomwagiliwa maji ya kisima yenye chumvi anza na kipimo kidogo.

Mikoko: kazi ya maji kabla ya miche

Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, ina takriban hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa wa aina hiyo kuliko wowote Afrika Mashariki. Jijini kuna mabaki kwenye mkondo wa Mzinga, mdomo wa Msimbazi, Kunduchi na Mbweni. Kaboni yake haiko kwenye mti tu. Sehemu kubwa iko kwenye tope, ambako hakuna oksijeni ya kutosha kuioza. Hapo ndipo mikoko inapoushinda msitu wa nchi kavu, na ndipo hasara ilipo pia: eneo likikatwa na kukauka, tope lililokusanya kaboni kwa karne linaanza kuitoa.

Eneo lililoota vizuri linaweza kuvuta tani 10 hadi 20 za hewa ukaa kwa hekta kwa mwaka katika miaka yake ya ukuaji wa kasi. Linganisha na bayocha: koni tano zinazofanya kazi mwaka mzima zinalingana na hekta kama 20 za mikoko michanga. Ila mikoko inatoa kamba, kaa, mazalia ya samaki na kinga ya ufukwe, mambo ambayo tanuru halitoi. Anayechagua mikoko aichague kwa hayo kwanza. Fedha ya kaboni iwe ya kulipia ulinzi.

Mfano wa karibu ni Mikoko Pamoja, Ghuba ya Gazi, Kwale nchini Kenya: hekta 117, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na mapato yakaenda kwenye maji na shule za vijiji. Sehemu kubwa ya tani hizo inatokana na kuulinda msitu uliosimama, upandaji ukiwa nyongeza. Anayeandika bajeti ya Dar kwa kupanda peke yake, akitumia takwimu za Gazi, atakwama nusu ya njia.

Upandaji mwingi hufa kwa sababu moja: miche imewekwa mahali ambapo mikoko haikuwahi kuota. Ufukwe wa tope ulio wazi unaonekana unangoja miti, watu wanakuja na fulana, wanachomeka mbegu ndefu za mkoko kwa mistari, wanapiga picha. Pale chini maji hukaa saa nyingi mno na mawimbi hulegeza mizizi. Kila jamii ina kiwango chake. Mlilana unakaa mbele baharini. Mkoko wenye mizizi ya miguu unakaa katikati na kando ya mikondo. Msinzi na mkandaa wako nyuma yake. Mchu unavumilia chumvi na utaukuta mbele na nyuma kabisa, mahali panapofikiwa na maji ya bamvua tu, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Bahari ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, kwa hiyo tofauti ya sentimita 30 za mwinuko ni tofauti ya mche kuishi au kufa.

Njia ya uhakika inaanza bila mche. Chagua msitu mzima wa jirani, piga kambi bamvua moja na maji mafu moja (siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo), weka alama kwenye shina la kila jamii mahali maji yanapofika. Kisha pima eneo lako kwa mpira wa maji wa mafundi ujenzi na ulinganishe. Kama ni shamba la chumvi lililoachwa, kama yale ya ukanda wa Kunduchi na Bagamoyo, vunja kingo zake na fungua mikondo iliyozibwa. Maji yakirudi kwa kiwango sahihi, mbegu za mchu na mkandaa zinaletwa na bahari yenyewe, na ndani ya mwaka mmoja au miwili utajua wapi pa kujaziliza. Ukipanda kwa mita 2 kwa 2 unahitaji miche 2,500 kwa hekta. Kwa mita 1 kwa 1 ni 10,000. Hesabu iliyobaki hai mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, na andika iliyokufa imekufaje: imefunikwa na mchanga, imekatwa na kaa, imenaswa na plastiki. Jibu la kila moja ni tofauti.

Mdomo wa Msimbazi ni onyo. Mto unaleta mchanga kutoka kwenye vilima vilivyochimbwa na kujengwa, na mchanga huo unafukia mizizi ya kupumulia ya mchu. Mizizi ikifukiwa sentimita kadhaa kwa wakati mmoja, mti mzima unakufa ukiwa umesimama. Kupanda pale kabla mchanga haujadhibitiwa juu ya mto ni kutupa miche.

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi, na msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kikundi hakiwezi kuuza kaboni yake bila makubaliano ya usimamizi shirikishi yanayotaja mgawo wa mapato waziwazi. Na kuna wakata boriti. Ukifunga mkondo mmoja bila kuwapa kazi nyingine, wanahamia wa pili, na tani ulizozihesabu zimehamia nao. Delta ya Rufiji ina wakulima wa mpunga walioingia ndani ya mikoko kwa sababu hiyohiyo ya riziki. Mradi usiowaweka kwenye orodha ya malipo tangu mwanzo ujiandae kugombana nao kila msimu.

Songo Songo: nafasi kubwa, muda haujafika

Kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, kilivumbuliwa gesi mwaka 1974, na tangu 2004 gesi hiyo inakuja Dar kwa bomba kuendesha mitambo ya umeme na viwanda, cha saruji kikiwemo. Wazo la kuhifadhi ni rahisi kulieleza: mwamba wa mchanga uliokaa na gesi mamilioni ya miaka chini ya kifuniko kizuri cha mwamba usiopitisha gesi unaweza kukaa na hewa ukaa pia. Chini ya mita 800 hivi shinikizo na joto huifanya gesi hii iwe nzito karibu kama kimiminika. Tani moja inayochukua takriban mita za ujazo 550 hapa juu inaenea kwenye chini ya mita 2 za ujazo. Uwezo huo bayocha na mikoko haviufikii.

Ila mwamba bado unatumika. Gesi inaendelea kutolewa, na kusukuma hewa ukaa mapema ni kuichafua gesi ya Kinyerezi na Ubungo. Kisha kuna visima. Hewa ukaa ikikutana na maji inakuwa asidi, na asidi hula saruji ya kuzibia na chuma cha kisima. Kila kisima kilichowahi kutobolewa, hata kilichozibwa zamani, kinapaswa kuchunguzwa, maana ndicho njia fupi ya kurudi juu. Bomba nalo si la kugeuzwa upande tu. Hewa ukaa husafirishwa kwa shinikizo kubwa, ikiwa kavu kabisa, na chuma chake huchaguliwa ili ufa usikimbie kwa urefu.

Usalama wa njia ya bomba uzungumzwe na wananchi wa Mbagala na Mkuranga kabla ya mhandisi kuchora mstari. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na hutuama mabondeni. Ziwa Nyos, Kamerun, mwaka 1986 lilitoa hewa ukaa ya asili iliyoua zaidi ya watu 1,700. Bomba lililopasuka Satartia, Mississippi, Marekani, mwaka 2020 lilipeleka watu 45 hospitalini, na magari yalizimika kwa kukosa oksijeni.

Duniani kuna mafanikio na kuna maonyo. Mradi wa Sleipner, Norwe, umekuwa ukisukuma hewa ukaa chini ya bahari tangu 1996, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kwa mwaka. In Salah, Aljeria, ilianza 2004 na kusimamishwa 2011 baada ya kuhifadhi zaidi ya tani milioni 3, kwa sababu ya mashaka juu ya kifuniko cha mwamba. Kilichoiokoa Aljeria ni kwamba walikuwa wakipima, hadi kwa setilaiti, ardhi inavyoinuka kwa milimita. Kazi ya sasa kwa TPDC, shirika la petroli la taifa, na PURA, mdhibiti wa utafutaji na uchimbaji wa petroli na gesi, ni kutunza takwimu za shinikizo, kumbukumbu za visima na sampuli za mwamba kwa namna itakayosomeka miaka 20 ijayo. Hilo ni la gharama ndogo, na likikosekana hakuna fedha itakayolirudisha.

Unga wa mawe na mashine

Basalti iliyosagwa ikitandazwa shambani humeng'enywa na maji ya mvua yenye hewa ukaa, na kaboni huishia baharini ikiwa imeyeyuka. Kiwango cha juu kabisa ni takriban tani 0.3 kwa tani ya mwamba, na hicho hupatikana kwa miaka mingi. Dar haina basalti. Kunduchi na Wazo ni mawe ya chokaa, ambayo tayari yana hewa ukaa ndani yake. Kokoto za Lugoba ni miamba migumu inayomeng'enyeka polepole mno. Mawe ya volkano yako Rungwe, Kilimanjaro na Meru. Semi ya tani 30 kutoka Mbeya, kilomita 830 hivi, hunywa lita 330 za dizeli kwa kuja peke yake, karibu tani 0.9 za hewa ukaa. Mzigo wake ungevuta tani 9 kwa nadharia. Theluthi ikimeng'enyeka katika miaka ya mwanzo, ni 3. Ondoa safari, umeme wa kusaga na kurudi tupu. Unga huo unafaa mashamba ya chai ya Rungwe yenye udongo wenye uchachu, uliosagwa palepale.

Mashine za kunyonya hewa zina hesabu fupi zaidi. Tani moja hutaka takriban uniti (kilowati-saa) 2,000 za nishati. Umeme wa gesi hutoa karibu kilo 0.45 za hewa ukaa kwa uniti, hivyo kukamata kilo 1,000 kunatoa 900. Ukisema utatumia umeme wa maji wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, uniti hizohizo 2,000 zinapikia familia siku 1,000 kwa uniti 2 kwa siku. Familia hiyo ikiwa inachoma kilo 1.5 za mkaa kwa siku, umeokoa tani 1.5 za mkaa, zaidi ya tani 4 za hewa ukaa kwenye jiko peke yake, achilia mbali hasara ya tanuru la udongo porini. Iwapo miti iliyokatwa hairudi, mashine haiwezi kushindana na jiko la umeme Dar. Kampuni ya Octavia Carbon inafanya majaribio Gilgil, Kenya, kwa sababu huko kuna joto la ardhini na basalti ya Bonde la Ufa. Aisilandi, watu wa mradi wa Carbfix waligeuza zaidi ya asilimia 95 ya hewa ukaa waliyoiingiza kuwa jiwe ndani ya miaka miwili, wakitumia takriban tani 25 za maji kwa kila tani ya gesi. Chini ya Dar kuna mchanga na udongo wa mfinyanzi kwa kina kirefu.

Makaratasi, kwa aliyechagua

Kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zinataka mradi usajiliwe, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni, NCMC, kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Peleka andiko dhana kabla ya kusaini na mnunuzi wa nje. Mkataba uliosainiwa kwanza hukufunga bei kabla hujajua makato.

Kwa bayocha, daftari liwe na mistari hii kwa kila mchomo: tarehe, malighafi na iliponunuliwa, unyevu, picha ya mwali, uzito ikiwa imelowa na ikiwa kavu, iliyochanganywa na nini, shamba lilipopelekwa pamoja na viwianishi vya GPS. Kwa mikoko: ramani ya viwango vya maji, makubaliano na TFS, hesabu za uhai. Walipeni wakusanya makumbi kwa kilo, siku hiyohiyo, kwa simu. Anayengoja mgawo wa vyeti miezi 18 atakuwa ameshauza makumbi yake kwa mchoma matofali.